Kwa mwalimu anayeanza kuongoza watoto wa madarasa ya awali (PP1 na PP2) kwenye makumbusho

Usijaribu kuwazungusha jengo zima. Wanyama wawili au watatu wanatosha; ukizidisha, watoto wataulizia choo na chakula, nawe utakuwa unahesabu vichwa tu.

Katika Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi mimi huanzia uani, kwa Ahmed. Ndovu huyu wa Marsabit alisifika kwa pembe zake ndefu, na mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta akaamuru alindwe. Alikufa 1974. Habari hizo ni za walimu. Mtoto wa miaka minne anataka kujua kama Ahmed atamkanyaga. Mjibu ukweli: hii ni sanamu, Ahmed mwenyewe alishakufa. Kisha wacha wasimame karibu na mguu wapime kimo chao. Ukianza na "Huyu ni mnyama gani?" watapaza sauti "Ndovu!" na mazungumzo yameishia hapo. Uliza anaelekea wapi, au mkonga unafanya nini, kisha waambie waigize.

Vitu vya ndani ya makabati ya kioo havishikwi, na watoto wadogo huangalia kwa mikono. Kwa hiyo beba mfuko wako mwenyewe: kiboko wa jiwe la Kisii na twiga wa mbao vinatosha, na vyote utavipata Maasai Market (bei ya kwanza usiikubali). Waketishe chini kabla ya kuwapa, maana jiwe hilo likianguka sakafuni ni vipande. Watasema kiboko ni baridi, anateleza. Hapo waulize mbona miguu yake ni mifupi hivyo na ya twiga ni mirefu. Jiwe la Kisii, linalochimbwa eneo la Tabaka, ni laini, huchongwa kwa kisu, lakini sehemu nyembamba hukatika upesi; mbao huvumilia zaidi. Mmoja atasema kiboko ameketi. Mwache, hilo nalo ni jibu la mtu aliyeangalia.

Mkishatoka nje, wape udongo wa kufinyanga badala ya karatasi. Miguu waliyoifanya myembamba italegea, tumbo litagusa chini, na utawaona wakiifupisha bila kuambiwa. Msitake kila mnyama afanane na wa kwenye vitabu. Ila acheni muda wa kutosha wa kunawa mikono, kwa sababu dereva wa basi la shule hatawasamehe viti vyake.