Usigundishe boksi kabla hujailaza bledi mpaka mwisho

Mkuu simama hapo hapo, usikate hiyo plaiwudi. Umesema umepata msumeno wa meza wa zamani, ule wenye mota inayoning'inia nyuma, na wikiendi hii unataka kuujengea kituo chake: boksi la kuuzunguka pande zote, droo, meza ya kupokelea mbao kwa nyuma, magurudumu chini, halafu unauliza kama plaiwudi ya mm 18 inatosha na vumbi ulitoeje. Umeuliza yote ila lile litakalokuliza.

Unasema ushapima, umeacha sentimita 5 kuzunguka mota. Ulipima bledi ikiwa imesimama, si ndiyo? Najua, maana na mimi nilipima hivyo hivyo.

Sikia. Kwenye mashine za aina hii mota haijafungwa kwenye fremu, imebebwa na mtambo ule ule uliobeba bledi. Ukizungusha gurudumu la mkono kulaza bledi mpaka nyuzi 45, mota nayo inabembea kama kengele, bledi ikilalia kulia mota inakwenda kushoto na inapanda juu, inafika palepale ambapo wewe kwenye mchoro wako umeweka ukuta wa droo. Mimi huo ukuta nilikuwa nimeshaugundisha, nikapiga na skrubu, nikapaka vanishi makoti matatu. Boksi lilikuwa zuri jamani, droo nane zinateleza kama siagi, nikapiga na picha.

Mwezi mzima nikawa nakata mbao za kawaida tu, bledi imesimama, raha mustarehe. Siku nataka kukata kingo za nyuzi 45 za kisanduku, nazungusha gurudumu, kufika kama nyuzi 30 likagoma. Mashine ya zamani, nikajua kutu tu hiyo. Nikapuliza mafuta. Likagoma. Nikaongeza mafuta, nikashika kwa mikono miwili, nikajitupa na mwili mzima kama mtu anayefungua kifuniko cha pipa, nikasikia KA! halafu gurudumu likawa jepesi kabisa, nikafurahi eti limefunguka. Halikufunguka mkuu, meno ya ile gia inayolaza bledi yamekatika. Ni chuma cha kusubu kile, hakipindi kukupa onyo, kinakatika tu. Mota ilikuwa imekwama kwenye ukuta wa droo muda wote na mimi nasukumana na kabati langu mwenyewe.

Na kifaa hicho hakitengenezwi tena. Nilizunguka mpaka nikapata mashine iliyokufa ya aina ile ile nikainunua nzima kwa ajili ya kipande kimoja, kwa hiyo sasa nina mashine moja na maiti moja. Muda wote huo nilikuwa na kabati la droo nane lenye mota ndani, angalau soksi zilipata pa kukaa.

Ngoja, haijaisha. Kubadilisha hicho kipande lazima ulegeze bolti zinazoshika mtambo wote chini ya meza ya mashine, ndizo hizo hizo zinazotumika kunyoosha bledi iende sambamba na ile mifereji iliyochongwa juu ya meza. Unazifikia kwa chini au kwa nyuma. Na mimi chini nilikuwa nimefunga kabisa eti nazuia vumbi, nyuma ndiyo usiseme. Nikachukua jigsoo nikakata kazi yangu mwenyewe huku nameza mate.

Sasa yule aliyenipa akili hiyo, jamaa mmoja ana video zake safi, sauti nzuri, anasema "pima mashine yako ilivyokaa, ongeza nafasi kidogo, funga, umemaliza". Ilivyokaa! Nilirudi kuiangalia ile video mara tatu kwa hasira, hajailaza bledi hata mara moja. Hata moja! Na watu chini wanamshukuru. Kosa langu kumwamini sawa, ila wewe unayefundisha watu mashine yenye gurudumu la kulazia bledi, hata kuligusa tu?

Kwa hiyo mkuu, mashine kwanza, boksi baadaye. Chomoa waya kwenye umeme. Simamisha mashine kwenye vitalu vya muda, laza bledi mpaka mwisho, pandisha mpaka juu, shusha mpaka chini, na kila hatua chora mota ilipofika kwenye kadibodi uliyoisimamisha pembeni. Kile chote ilichopita ni mali ya mota, hapakai droo.

Kisha nyoosha bledi kabla hujafunga chochote. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja, pima kutoka mferejini mpaka kwenye jino hilo likiwa mbele, zungusha bledi, pima jino lile lile likiwa nyuma. Jino lile lile, usibadilishe, maana bledi yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo ikakudanganya. Tofauti ikizidi kama mm 0.1 legeza bolti, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, kaza, pima tena. Bledi ikikaa upande, meno ya nyuma yanaidaka mbao na kukurushia tumboni, na mashine nyingi za umri huo hazina hata kile kisu cha nyuma ya bledi cha kuizuia mbao isibane. Halafu ilaze 45 upime tena, maana inaweza kuwa sawa ikisimama na kukaa upande ikilala.

Na ukuta wa nyuma usigundishe KAMWE. Skrubu tu, au bawaba. Siku moja utataka kubadilisha mkanda utanikumbuka.

Meza ya nyuma ishushe mm 1 au 2 chini ya meza ya mashine na uendeleze ile mifereji ndani yake, la sivyo kile kipimo cha pembe kinachoteleza mferejini kitagonga ukingo katikati ya kukata. Magurudumu weka yenye loki. Ulikuwa umeuliza na kitu kingine, nimesahau, cha vumbi nadhani, hicho kitasubiri.

Ukishailaza hiyo bledi piga picha ya mota kwa nyuma uiweke hapa, ndiyo tuongee habari za plaiwudi.