Simu ya saa tisa usiku: kwa mnaoanza mafunzo tarajali

Saa tisa usiku nesi wa wodi ya watoto alinipigia. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji jioni alikuwa analia kwa maumivu. Mimi nilikuwa chumba kingine nashona jeraha, simu nimeibana begani. Nikasema apewe pethidini, na dozi nikaitaja kwa Kiingereza kama tulivyozoea: "fiftini". Yeye akasikia "fifti". Akakata simu, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, kisha akasita. Akapiga tena: "Daktari, hamsini kwa mtoto wa kilo kumi na tano?"

Hakuna Mswahili anayechanganya kumi na tano na hamsini. Shida ile tulijitafutia wenyewe. Tangu usiku huo dozi naitamka kwa Kiswahili, na simwachi mtu akate simu kabla hajanirudishia nilichosema.

Mtoto hakudhurika, kwa hiyo kesi ya fidia isingekuwapo. Katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, mdai wa uzembe wa kitabibu hana budi kuthibitisha kwamba ulikuwa na wajibu kwake, ukashuka chini ya kiwango, akadhurika, na kwamba madhara hayo yalitokana na kosa lako. Hilo la mwisho ndilo wageni wengi hawalijui, nalo limeangusha kesi nyingi. Alfajiri ya mwaka mpya wa 1966 huko London, walinzi watatu walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu, ambaye naye alikuwa anaumwa, hakwenda kuwaona. Alimwambia nesi kwa simu kwamba warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja alifariki mchana ule ule. Chai ilikuwa na aseniki. Jaji alikubali kwamba kwa kutomwona, daktari alikiuka wajibu wake, lakini familia ikashindwa, maana hata angepokelewa, dawa isingewahi kumwokoa.

Daktari akaponea hapo. Ila msije mkadhani mahakama ndiyo mlango pekee. Baraza la taaluma yako linaweza kukuita kwa kukataa kumwona mgonjwa bila kuuliza kama aliumia. Mara nyingi maadili hukufikia mahali ambapo sheria ya fidia haifiki.

Sasa swali ambalo kila mwaka naulizwa: "Mimi bado najifunza, si watanihurumia?" Hawatakuhurumia. Tangu 1957, kanuni ya mahakama za Uingereza iitwayo Bolam hukupima kwa wenzako wenye ujuzi wa kazi hiyo. Halafu mwaka 1986 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikaamua kwamba kiwango hufuata nafasi uliyoishika, hata kama umeingia wodini jana. Katika kesi hiyo daktari mdogo aliingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa vena badala ya ateri ya mtoto njiti. Vipimo vya oksijeni kwenye damu vikapotosha, mtoto akapewa oksijeni kupita kiasi. Wengi hukomea hapo wakisimulia, wakaiacha sehemu yenye faida: yule mdogo hakuonekana mzembe, kwa sababu alimwomba mkubwa wake aikague kazi yake. Aliyelaumiwa ni mkubwa, aliyetazama picha ya eksirei asione kosa.

Kwa hiyo piga simu. Najua bosi atafoka. Nimefokewa hadi mbele ya wagonjwa, na sijawahi kumwona aliyekufa kwa kufokewa. Ukishapiga, andika kwenye faili: "Saa 9:20 usiku. Nimempigia daktari bingwa wa zamu. Nimemweleza presha inashuka na mkojo umepungua. Ameagiza maji, ameahidi kuja." Weka jina lake na sahihi yako. Asipokuja, piga tena, andika tena. Siyo kumshtaki mtu. Atakayepokea zamu asubuhi anahitaji kujua nini kimefanyika na nini kinangojewa.

Faili lisiguswe kwa hila. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja ili neno la zamani lisomeke, andika neno lililo sawa pembeni, weka tarehe, saa na sahihi yako. Ukikumbuka jambo kesho yake, liandike kesho hiyo hiyo na useme umeliandika kwa kuchelewa. Kosa la tiba huenda likatetewa. Ukurasa uliochanwa hauna mtetezi, na ukishaonekana, hata yale uliyoyafanya vizuri hayaaminiki tena.

Kuhusu ridhaa nitasema kidogo. Fomu iliyosainiwa mgonjwa akiwa tayari kwenye machela mlangoni mwa chumba cha upasuaji ni karatasi tu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Montgomery, ilisema mgonjwa aambiwe hatari ambazo mtu wa hali yake angezipa uzito. Katika shauri hilo, mama mwenye kisukari hakuambiwa kwamba uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari alihofia angechagua upasuaji. Lakini uchaguzi ulikuwa wa mama.

Na kosa likitokea? Mhudumie mgonjwa kwanza. Mwite mkubwa wako, kisha jazeni fomu ya tukio siku hiyo hiyo, hata kama dawa iliishia kwenye bomba kama ile yangu. Fomu yangu niliijaza na yule nesi, tukakaa benchi moja. Familia ielezwe na daktari anayehusika, uso kwa uso, si kwa kupita koridoni. Wengi huogopa kusema "samahani" wakidhani ni kukiri. Uingereza wameliweka wazi kwenye sheria ya 2006 kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Sheria ya ulipo iulize mapema, kabla hujaihitaji. Maneno yenyewe si magumu: "Mama, jana usiku mwanao alipewa dawa nyingi kuliko tulivyokusudia. Tumeligundua saa kumi. Hivi ndivyo alivyo sasa, na hivi ndivyo tutakavyomwangalia." Kisha vuta kiti ukae, maana atakuwa na maswali.