Jino la pembe na pengo: maswali yenu kuhusu meno ya kupandikiza

Tangu minada ya korosho ianze na malipo yaanze kuingia, maswali ya mapengo yamejaa kwenye simu yangu. Sishangai. Huku Kusini pengo husubiri msimu. Nimechagua machache na kuyafupisha.

"Daktari, niling'olewa magego mawili ya mwisho, chini kushoto, miaka minne iliyopita. Kijana wangu aliyeko Dar ananiambia siku hizi jino linafungwa kwa skrubu kwenye taya. Ni kweli, au wanaitaka hela yangu ya korosho?" Mkulima, Masasi

Ni kweli, mzee wangu, na hela ya korosho wanaitaka pia. Kinachopandwa si jino zima, ni mzizi: skrubu ndogo ya titani, yenye urefu wa milimita 10 hivi, inazamishwa kwenye mfupa wa taya ukiwa umechomwa ganzi. Kisha unasubiri. Mfupa unaota kuizunguka hadi unaishika moja kwa moja. Aliyelikuta jambo hilo ni Msweden, Per-Ingvar Brånemark, mwaka 1952. Hakuwa akitafuta meno hata kidogo. Alikuwa anachunguza mifupa ya sungura, na alipotaka kuvitoa vifaa vyake vya titani vikagoma kutoka. Mwaka 1965 akampandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliendelea kutafunia meno hayo hadi alipofariki mwaka 2006.

Kusubiri kwenyewe huwa miezi 3 hadi 6. Mfupa ukishakamata, skrubu inafungiwa shingo, na juu ya shingo linakaa jino la kaure.

Sasa turudi kwenye miaka yako minne. Mfupa wa taya unaishi kwa kazi ya jino. Jino likitoka, mfupa unanywea, na sehemu kubwa hupotea mwaka ule ule wa kwanza. Ni kama tuta ulilong'oa muhogo: mvua mbili tatu zikipita, limeshashuka. Kwa hiyo kabla ya yote upigwe picha, na kwa magego ya chini ningependa iwe ile inayoonyesha taya pande zote tatu. Chini ya magego hayo unapita mshipa wa fahamu. Skrubu ikiuumiza, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, na si kila mara hisia hurudi. Mtu akikutajia bei kabla hajaona picha, vaa kofia yako uondoke.

Ukitajiwa bei, uliza ni ya nini. Wengine hutaja ya skrubu peke yake, halafu shingo, jino na mfupa wa kuongezea vinakuja kimoja kimoja. Weka na nauli: utakwenda na kurudi mara kadhaa, na skrubu ikilegea usiku wa manane Masasi, aliyeifunga yuko Dar. Uchunguzi wa mwanzo hauhitaji safari hiyo. Anzia kitengo cha meno cha hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Sokoine, Lindi.

Na nikwambie jambo ambalo anayeuza skrubu hatalitaja. Kama upande wa kulia unatafuna vizuri na pengo halikusumbui, kuliacha nalo ni jibu. Daraja la meno, yaani meno ya bandia yanayoshikiliwa na meno ya pande mbili za pengo, kwako haliwezekani, kwa kuwa nyuma ya pengo hakuna jino la kushikia.

"Fundi wa mtaani alinitengenezea jino la mbele kwa siku moja tu, tena halitoki. Sasa ufizi unavuja damu na mdomo unanuka." Newala

Halitoki kwa sababu amelimiminia plastiki ikagandia meno yako mawili ya jirani. Chakula kinaingia chini yake na mswaki haufiki, kwa hiyo kinachooza ni meno yako mazima. Usilivute mwenyewe, nenda likakatwe. Nimeshayatoa ya namna hiyo, na mengine yamekuja na majirani zake. Jino la bandia ama unalivua na kulisafisha, ama limeachiwa nafasi ya kusafishia. Lisilo na kimojawapo ni mtego.

"Shikamoo daktari. Nina sukari na ninavuta sigara. Napandikizwa?" Nachingwea

Marahaba. Sukari iliyodhibitiwa haikuzuii. Isiyodhibitiwa inachelewesha kidonda na kukaribisha usaha. Nenda na kipimo kile cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, si cha asubuhi ile tu ulipoamka hujala. Sigara ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Inabana mishipa ya damu ya ufizi, na skrubu za wavutaji hushindwa mara nyingi zaidi kuliko za wasiovuta. Usipoweza kuiacha, chukua meno ya kuvua, pesa zako zitakuwa salama. Kama unatumia dawa za kutibu mifupa iliyodhoofika au umewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, sema kabla hujachomwa ganzi.

"Mwanangu wa miaka 13 kaanguka akicheza mpira, jino la mbele likang'oka lote. Tumeambiwa asubiri kupandikizwa. Kwa nini?" Kilwa Masoko

Kwa sababu taya lake bado linakua. Meno ya asili husogea pamoja na taya; skrubu haisogei. Ukiipanda leo, akifika miaka 18 jino hilo litaonekana limezama kati ya wenzake. Asubiri ukuaji uishe, na kwa mvulana huenda ikavuka miaka 20. Kwa sasa atengenezewe jino la kuvua aende nalo shule, watoto wenzake hawana huruma.

Kwako wewe unayesoma na mtoto wako anacheza nje muda huu: jino la utu uzima likitoka zima, lishike kwa kichwa chake, usiguse mzizi. Likiwa chafu, lisuuze haraka, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake kama unaweza. La sivyo liweke kwenye maziwa baridi na ukimbie hospitali. Ndani ya nusu saa kuna matumaini mazuri, baada ya saa moja yanapungua sana. Jino la utotoni halirudishwi.

"Asalaam aleikum. Nimesikia wanaongeza unga wa mfupa wa nguruwe. Ni kweli?" Lindi mjini

Waaleikum salaam. Titani ni madini, huko hakuna tatizo. Unga wa mfupa hutumika pale taya liliponywea, na upo wa aina nyingi: mfupa wako mwenyewe, wa mtu aliyejitolea, wa ng'ombe, wa nguruwe, na wa kutengenezwa kiwandani bila mnyama yeyote. Hata utando wa kufunikia kidonda mara nyingi hutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Basi uliza kabla ya siku ya upasuaji, uombe kusoma boksi. Una haki hiyo na hakuna daktari mstaarabu atakayeudhika. Hukumu ya dharura muulize shehe wako. Mimi naishia kwenye boksi.

"Bibi yetu ni kibogoyo. Ana meno ya kuvua juu na chini, lakini ya chini yanacheza kila akila, anaona haya mbele ya wageni." Mikindani

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa meno ya chini walikuwa na hoja. Yale ya juu yananata kwenye kaakaa. Ya chini yamekaa juu ya ukingo mwembamba wa mfupa, na ulimi unayasukuma mchana kutwa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno kabisa, skrubu mbili kwenye taya la chini ziwe chaguo la kwanza. Zinawekwa mbele, mbali na ule mshipa niliomtajia mzee wa Masasi, na meno yake yanabana juu yake kama kifungo cha shati.

Lakini kwanza yakaguliwe hayo aliyonayo. Kama ni ya miaka mingi, huenda taya limeshuka na meno yamebaki vile vile, na kuyawekea tabaka jipya upande wa ndani kukatosha. Akiwekewa vifungo, ajue mipira yake huchakaa na hubadilishwa. Na usiku ayavue, ayaweke kwenye bakuli la maji, asiyafunge kwenye pindo la kanga.