Usianze na Bunduki, Anza na Ng'ombe

Baraza langu la kwanza kuhusu bunduki haramu lilidumu nusu saa tu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika Bonde la Kerio, Kenya, mjumbe mpya wa kamati ya amani, na nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayeingia darasani. Nikawasomea wazee adhabu za kumiliki bunduki bila leseni. Nikawasimulia jinsi bunduki zaidi ya 5,000 zilivyochomwa kule Ngong, karibu na Nairobi, mwaka 2016. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wewe una ng'ombe wangapi?"

Sikuwa na hata mmoja. Watu wakacheka, wakakung'uta nguo zao, wakaenda zao.

Yule mzee alinifunza kazi. Ukitaka kuongea na mtu kuhusu bunduki yake, jua kwanza inalinda nini. Huku kwetu wengi waliuza ng'ombe ili wapate cha kuwalinda ng'ombe waliobaki. Majambazi wakivamia alfajiri, polisi hufika jua likiwa utosini, na mifugo imeshavuka mto zamani. Mtu huyo ukimwambia asalimishe silaha, anachosikia ni kwamba unamtaka alale mlango wazi. Kwa hiyo siku hizi nikifika bomani sitaji bunduki. Nauliza habari za malisho, nakunywa chai, nasikiliza nani aliibiwa lini. Wakati mwingine siku nzima inakwisha hivyo. Ikiisha hivyo, usihangaike. Rudi tena.

Halafu usiende upande mmoja peke yake. Majirani zetu wa Karamoja, Uganda, waliyaona hayo serikali ilipoanza kukusanya silaha mwaka 2001: waliozitoa walivamiwa na wale waliobaki nazo, na wengine wakatafuta nyingine. Ukizungumza na kijiji cha huku, hakikisha kuna mtu anayezungumza na cha ng'ambo ya mto wiki hiyo hiyo.

Kina mama nao msiwaite kupika tu. Kule Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, miaka ya tisini mwanzoni, koo zilipokuwa zinauana, Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni, wakihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kubughudhiwa. Wazee walikuja baadaye, na mwaka 1993 wakatia saini azimio la amani la Al-Fatah. Kwetu mama ana nguvu ya namna nyingine. Kwa Wapokot, mkanda wa uzazi, leketyo, si pambo; morani anayekwenda kuvamia huamini mkanda wa mama yake unamkinga. Sasa huyo mama akikuambia hataki tena mwanawe aende, utamtuma nani kumshawishi kijana kuliko yeye?

Lakini kilichonifaa kuliko vyote ni hesabu. Darasa la saba walikuwa wanajifunza faida na hasara, nikawaambia waache maduka ya kwenye kitabu. Tukachora ubaoni boma la kubuni. Bunduki imenunuliwa kwa ng'ombe kadhaa; andika. Risasi kila mwaka, andika. Ng'ombe walioletwa kutoka uvamizini, kisha ng'ombe walioondoka upande wa pili ulipokuja kulipiza. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza kaka yake aliyeuawa anaandikwa upande gani. Sikuwa na jibu. Nikaweka chaki chini, tukatoka nje mapema siku hiyo.

Juma lililofuata wazazi watatu walikuja shuleni kuuliza ni hesabu gani hiyo watoto wanayofanya nyumbani kwa kijiti kwenye vumbi. Nilidhani wamekuja kunigombeza. Wakaketi kwenye madawati, magoti yakigonga mbao, wakaniomba niandike tena, polepole, na wakawa wananisahihisha bei za ng'ombe maana za kwangu zilikuwa za mtu asiyefuga.

Mmoja wao bado ana bunduki, najua, na yeye anajua kwamba najua. Siku ya soko huiacha nyumbani. Mwezi uliopita alinitumia mtoto na ujumbe: wazee wa ng'ambo wakikubali kuja chini ya mti wetu wa mikutano, mbuzi wa kuchinja atamtoa yeye.