Kadi haijafa, usiifomati

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga picha za harusi hapa Tanga, na laptopu yangu ina Arch Linux. Jumamosi usiku nimetoka ukumbini na kadi ya memori ya GB 64, nikaichomeka, nikajibiwa: unknown filesystem type 'exfat'. Flashi yangu ya zamani, iliyokuwemo tangu asubuhi, inafunguka bila shida. Amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, inaiona kadi: sdb1, 59.5G. Mchana nilisasisha programu zote, basi, sikugusa kingine. Rafiki yangu anasema kadi imekufa, niifomati. Picha za bibi harusi zimo humo!
Mpiga picha, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie huyo rafiki akae mbali na kadi.

Kadi iliyokufa haitaji jina lake. Hilo neno exfat, jina la mpangilio wa mafaili, limesomwa kwenye kadi yenyewe, kwa hiyo kadi inasema. Asiyeelewa ni kerneli, kiini cha Linux. (Na hizo 59.5 hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1000, lsblk kwa 1024.)

Sasa fungua terminali uandike uname -r, kisha ls /lib/modules. Ya kwanza inakupa kerneli inayofanya kazi sasa hivi, ya pili inakuonyesha moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa kando) zilizoko kwenye diski ni za kerneli ipi. Ya kwanza ikisema 6.9.7 na ya pili ikawa na 6.9.8 peke yake, mchawi umemwona. Arch ikisasisha kerneli hufuta moduli za ile ya zamani, wakati wewe bado unaitumia hiyo hiyo ya zamani. Moduli ya exfat huitwa siku inapohitajika tu. Umeihitaji usiku, imeshafutwa mchana. Jaribu sudo modprobe exfat, utaambiwa haipo.

Mbona flashi inafunguka? Bila shaka ni FAT32, mpangilio mwingine wa mafaili, na moduli yake, vfat, ilipakiwa laptopu ilipowaka, kwa ajili ya sehemu ya kuwashia. Na kwa kuwa flashi ilichomekwa kabla hujasasisha, usb_storage, moduli ya flashi na visoma kadi vya USB, nayo ilikuwa tayari kwenye RAM. Bila bahati hiyo, hata lsblk isingeiona kadi, na rafiki yako angeshinda kesi.

Dawa: zima laptopu, uiwashe. Kuifunika si kuizima! Mimi yalinikuta mteja akiwa amesimama mbele yangu. Nikabadilisha kisoma kadi mara mbili, nikalaumu kebo, kumbe laptopu ilikuwa na siku tisa haijazimwa.

Usihangaike kutafuta programu ya ziada. Microsoft ilitoa maelezo ya exFAT hadharani mwaka 2019, na tangu kerneli 5.7 ya mwaka 2020 dereva iliyoandikwa na Samsung imo ndani ya kerneli. Ikishawaka, pachika kadi kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt

Hakikisha jina kwa lsblk kwanza, maana sdb yaweza kugeuka sda. Nakili picha zote, fungua chache uone, ndipo uandike sudo umount /mnt na kuchomoa.

Ikigoma tena, nitumie mistari 20 ya mwisho ya sudo dmesg, yaani ujumbe wa kerneli. Iwe maandishi, tafadhali, si picha ya skrini uliyoipiga kwa simu gizani. Na wewe ni mpiga picha.