Mke wako hakuonei wivu, anakuogopea

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Moshi, nina kampuni yangu ya kupandisha wageni mlimani. Wakati wa corona tulianguka tukarudi chumba kimoja Pasua, mke wangu akawa anauza ndizi Mbuyuni, ila nilipambana mwenyewe nikainuka na sasa nimejenga Shanty Town, mtaa wa wenye hela. Tatizo mke wangu amebadilika. Kila siku ananisema nimemsahau Mungu, eti siendi jumuiya, wakati juzi tu kwenye harambee ya kanisa nimetoa milioni tano. Wiki iliyopita wagumu wangu, wale wapagazi wa mlimani, walikuja getini akawagawia hela ya matumizi ya nyumbani, kanidhalilisha sana. Mama yangu naye kahamia upande wake. Ofisini kuna dada ananielewa, anajua presha ya kazi. Naona mke wangu hawezi kuendana na levo yangu. Mimi ni mtu mnyenyekevu na namcha Mungu. Nifanyeje? Baba G."

Marahaba Baba G. Hongera kwa kazi, najua mwaka 2020 watalii walipokatika wapo wenye kampuni waliouza magari na hawajasimama tena mpaka leo. Na pole kwa presha. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Hao wagumu walifuata nini getini kwako? Umelipita hilo haraka haraka ila mimi nimesimama hapohapo. Kijana amebeba mzigo wa mgeni kilo 20 mgongoni, amelala kwenye baridi ya kambi ya Barafu, amemsindikiza mgeni mpaka akashuka lango la Mweka salama, na mgeni alishakulipa dola zako kabla hata hajapanda ndege ya kuja KIA, halafu kijana aulizie posho yake mpaka nyumbani kwako kwa mkeo? Hukuniambia unawadai wao au wanakudai wewe, lakini mtu hapandi mpaka Shanty Town kumfuata bosi wake kama ameshalipwa. Kwahiyo naomba ujibu moyoni mwako, ile milioni tano uliyoitaja kwenye maiki watu wakapiga vigelegele ilikuwa ya nani? Mtume Yakobo kwenye sura ya 5 amesema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele na kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana. Mke wako amekisikia kilio hicho akiwa getini na akakufichia aibu kwa hela ya mboga ya watoto wako, wewe unaita kudhalilishwa. Mwanangu, amekustiri.

Halafu hili la "nilipambana mwenyewe". Ulipambana ukila nini? Mwanamke ameamka alfajiri kuwahi ndizi Mbuyuni, amekaa na jua na vumbi, jioni amerudi na unga na hela ya kodi ya chumba, na wewe ukapata nguvu ya kutafuta wageni wako upya, leo yeye kwenye hadithi yako ni mstari mmoja tu. Torati imelisema hili kwenye Kumbukumbu sura ya 8, kwamba ukishashiba na kujenga nyumba nzuri usije ukasema moyoni ni nguvu za mkono wako zimekupatia utajiri, maana Mungu ndiye anayekupa hizo nguvu. Wenzetu Waislamu nao wanaye Karuni, aliyesema mali kaipata kwa elimu yake mwenyewe, ardhi ikammeza yeye na nyumba yake.

Ila ninayekuombea umsome taratibu ni mfalme Uzia, Mambo ya Nyakati wa pili sura ya 26. Alianza na miaka 16, akamtafuta Mungu, akafanikiwa, akajenga minara akachimba visima akawa na mifugo mingi, alipopata nguvu moyo ukapanda. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba ambao haukuwa kazi yake, kuhani Azaria na wenzake 80 wakamzuia, na yeye badala ya kusikiliza akakasirika, ukoma ukamtoka usoni pale pale akiwa amekasirika. Nakuambia hivi kwasababu mkeo amekwambia, mama yako amekwambia, na barua yako nzima ni hasira. Na mama wa Kichagga mpaka amtetee mkamwana dhidi ya mtoto aliyemzaa mwenyewe ujue ameona mambo mengi amenyamaza mpaka ameshindwa.

Tena nyie ndoa za siku hizi mnanitia uchungu sana. Mkiwa chumba kimoja mnapiga magoti wote wawili pembeni ya kitanda, mtoto kalala, mnamlilia Mungu hela ya ada. Hela ikija kila mtu na simu yake yenye neno la siri, kila mtu na gari lake, sala anaachiwa mama na dada wa kazi, baba "yuko bize na wageni". Na makanisa nayo yanachangia, lazima niseme, mwenye hela akiingia anapelekwa kiti cha mbele, anafanywa mgeni rasmi wa kila harambee, hakuna mchungaji wala katekista anayemuuliza wafanyakazi wako umewalipa? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnyenyekevu tunamjua kwa wanaomfanyia kazi na kwa waliomuona akiwa hana kitu, wewe makundi yote mawili yanakulalamikia.

Huyo dada wa ofisini anaelewa mshahara wake. Hakukuona Pasua. Abaki kwenye kazi aliyoajiriwa, mambo ya ndani ya nyumba yako asiyasikie tena, na kama limeshafika mbali kuliko ulivyoniandikia, kata leo.

Wagumu walipe kwanza, wote, kabla ya kundi lijalo la wageni, na uwaombe radhi wewe mwenyewe sio kumtuma meneja. Mkeo mrudishie hela yake ya matumizi, umwambie asante ya Mbuyuni ambayo naamini hujawahi kuisema. Mama mpigie, usimpelekee zawadi safari hii, msikilize tu amalize. Na jumuiya nenda wiki hii, bila gari ikiwezekana, kaa kwenye benchi na majirani, wakikuomba useme neno waambie leo umekuja kusali.