Simu niliyomnyamazishia mwanangu ndiyo iliyonifunza kuongea naye

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji, mwanawe ana mwaka na nusu hasemi hata mama, majirani washaanza maneno, anauliza mimi wangu nilifanyaje. Nikaisoma nikalia wallahi, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka mitatu nyuma.

Mimi niko Langoni hapa Lamu, mume wangu mvuvi, akitoka ni siku nne tano, nabaki mimi na mtoto na oda za mahamri. Mtoto akilia nampa simu, katuni, ananyamaza, nami nakanda unga wangu na najiona mjanja. Alipofika mwaka na miezi minane wifi yangu akasema harusini mbele za watu, "huyu ni bubu." Nimemsamehe, lakini lile neno liko kifuani mpaka leo.

Jioni moja nikawasha rekoda ya simu, nikaiweka juu ya kabati, nikaendelea na kazi. Usiku nikasikiliza. Dakika arubaini nzima, na sauti yangu ni "ngoja", "shika", "acha", "nyamaza", basi. Halafu punda akalia kichochoroni, mtoto akasema "ba!" Kimya. Akasema tena, "ba!" Hakuna aliyemjibu. Kipande kile nilikirudia sijui mara ngapi.

Nikaanza kusomasoma. Kumbe Marekani, mji wa Providence ulishinda dola milioni 5 mwaka 2013 kwa mpango wa kuwavalisha watoto kinasa sauti kidogo ndani ya fulana, kinarekodi mpaka saa 16, kompyuta inahesabu mtoto kasikia maneno mangapi ya watu wazima na wamejibizana naye mara ngapi, kisha mzazi anaonyeshwa. Na watafiti wa MIT, chuo kikuu cha huko huko Marekani, mwaka 2018 waliwapima ubongo watoto wa miaka 4 mpaka 6 wakisikiliza hadithi, wakaona kule kujibizana nyumbani ndiko kulikoendana na kazi ya ubongo, kuliko wingi wa maneno. Kujibizana jamani! Yaani ile "ba" yake ilikuwa inangoja zamu yangu.

Kinasa kile hatuna ila simu tunayo. Baba yake akipata netiweki alikuwa anatuma voisi, "hujambo mwanangu, umekula?", nasimamisha hapo, namtazama mtoto, nangoja, akitoa sauti yoyote nairekodi namrudishia babake. Bibi yake Malindi naye vivyo hivyo. Katuni nikazifuta zote, hata WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 walisema mtoto chini ya mwaka asikae mbele ya skrini kabisa, na wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Na kila nikikanda nilikuwa namsimulia, huu unga, hii iliki, nusa, eeh, yanukia?

Sikufichi, wiki za mwanzo ni ngumu, analilia simu mpaka unataka kumpa. Usimpe. Mama wenzangu, tunanunua bando za kumnyamazisha mtoto halafu tunashangaa amenyamaza! Ongea naye, mjibu, ongea naye tena, hata kama huelewi anachosema.

Siku alosema "unda!" punda akipita mlangoni niliacha mahamri yakaungua.

Dada yangu, kwanza mpeleke akapimwe masikio, mimi wangu nilianza na hilo. Kisha leo jioni washa rekoda dakika 20 tu, usijipange, ishi kama kawaida yako. Ukishasikiliza niandikie, hata kama ni saa nane za usiku.